Udongo Mweusi wa Kalembe

Kosa la Magloire lilikuwa kuwa na udongo mzuri. Pale Kalembe, Masisi inapoishia na Walikale inapoanza, vilima vingi vimebaki vipara, mvua imeshateremsha kila kitu bondeni. Lakini kwa misimu kadhaa Magloire na mkewe Anastasie walikuwa wakifukia majani ya maharage na maganda ya mihogo pamoja na unga mweusi wa madini ya manganizi, waliopewa na ingénieur mmoja, mtaalamu wa udongo wa kutoka Goma. Unga ule ni kichocheo. Haulishi mmea, wala wenyewe haupungui. Kazi yake ni kuharakisha masalia yanayooza yashikamane na udongo, yakae humo miaka na miaka badala ya kupotelea hewani. Majirani waliwacheka weee, mpaka maharage yalipowafika kifuani, ndipo wakaanza kuja na mifuko kuomba mbegu.

Basi siku moja wakaja wenye bunduki. Mmoja wao alikuwa mchimbaji kabla hajawa mwizi wa kuku wa watu. Aliinama kwenye mfereji wa shamba anawe miguu, akaona kitu cheusi kimetulia chini ya maji. Akachota udongo kwa karai, akauosha jinsi wanavyoosha machimboni, akazungusha na kumwaga. Udongo ukaenda, uzito mweusi ukabaki. Mtu aliyekulia mashimoni angewaza nini kingine? Akapiga kelele kwamba ni koltani, madini ya pesa nyingi.

Anastasie alikuwa sokoni. Benoît, jirani yao, alimkuta njiani, shati limelowa jasho.

"Mama Anastasie, bamemukamata Papa Magloire. Banamupiga. Banasema ule unga iko koltani."

Anastasie hakulia. Alikimbilia kituo cha afya, akaomba chupa ya eau oxygénée, ile dawa ya kusafishia vidonda. Ingénieur aliwahi kuwaonyesha: ukiimimina juu ya unga wa manganizi, unachemka, unatoa povu na mvuke kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Koltani haifanyi hivyo. Mkisumbuliwa barabarani, alisema, waonyesheni hivi, watawaacha. Anastasie alipanda kilima akiishika chupa kwa mikono miwili, na moyoni alikuwa na hakika kabisa kwamba ameushika uhai wa mumewe.

Mtu wa kwanza kumwona shambani alikuwa Jérémie, jirani wa upande wa chini. Alilala kifudifudi mferejini, nusu ya kichwa haipo. Maji yalikuwa yanampita. Hatua chache kutoka pale Magloire alikuwa amefungwa kwenye mgomba, sikio limepasuliwa kwa panga, mdomo umevimba, mguu mmoja umepinda vibaya chini ya goti. Kijana mmoja alimpiga kitako cha bunduki mbavuni, bila hasira, kama anayetwanga majani ya sombe.

"Komanda," Anastasie alisema, "muniachie niseme. Ile unga..."

"Ngoja, mama." Mkuu wao alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, anakula maharage mabichi ya shamba lao. "Huyu jirani yenu nilimuuliza koltani inatoka wapi. Akasema haiko koltani, njo dawa ya udongo. Muntu asiyejua kitu, nitamufanyia nini? Lakini bwana yako iko na akili. Anasema mushipa ya koltani inashuka chini ya shamba yote, na yeye njo anajua njia yake. Sasa na weye unataka kusema nini?"

Magloire aliinua jicho moja lililokuwa bado linafunguka, akamtazama mkewe. Anastasie akaelewa: povu likionyesha kwamba si koltani, Magloire atamfuata Jérémie. Kizibo kilikuwa tayari mkononi mwake. Chini, mbele ya viatu vya Komanda, palikuwa na karai lenye ule unga.

"Nini mu chupa?" Komanda aliuliza.

"Dawa ya kidonda."

Akaenda kwa mumewe na kummiminia chupa yote kwenye sikio. Povu jeupe likafura, likashuka shingoni likiwa limechanganyika na damu. Magloire alipiga yowe, na wale vijana wakacheka mpaka wakajishika matumbo. Mungu awalipe.

"Bwana yangu anasema kweli," Anastasie alisema. "Koltani iko. Mushipa inaanzia kule juu."

Walikusanya kijiji kizima kwa viboko. Anastasie alipewa jembe, akapasua tuta la juu kwa mkono wake mwenyewe, ule udongo laini uliokuwa unanukia mvua. Aliuchukia mkono wake. Mwanamume mmoja aliyepumzika alichapwa mgongoni mpaka akatapika. Mchana ukaisha, udongo wote wa shamba umo magunini, na chini yake jiwe tupu.

Ndipo risasi zikalia kutoka mlima wa pili. Kundi jingine. Komanda akasimama, akaamuru kila mtu abebe gunia, waelekee Pinga kwa mnunuzi wa madini. Kisha akamwangalia Magloire, ambaye hakuweza hata kupiga magoti, akaikoki bunduki.

"Asiyebeba nitamuacha ya nini? Aonyeshe bale bengine mushipa?"

"Nitabeba yake," Anastasie alisema, akiingia katikati. "Na mushipa ninaujua miye pia. Muniulize miye. Lakini mukimuua, sitaonyesha."

Komanda alisita. Risasi nyingine ikachana majani ya mgomba, akatukana, akamtwisha Anastasie magunia mawili.

Alipanda akiwa amejikunja, kamba imemkata paji la uso, mtutu mgongoni. Kwenye kona aligeuza kichwa kidogo. Chini, Benoît na wengine waliochomoka wakati wa risasi walikuwa wamemlaza Magloire kwenye kipoyi, machela ya miti, wanakimbia naye kuelekea hospitali. Anastasie alijua vizuri kwamba mnunuzi ataona mara moja kuwa ule ni udongo tu, na kitakachompata yeye baada ya hapo.

"Komanda, mununuzi iko mbali?"

"Mbali sana. Tutatembea mpaka kesho."

"Njo vizuri," Anastasie alisema, akaendelea kupanda.