Mashine Inasema Sipo

Miaka ishirini na miwili nimebangua korosho katika kiwanda kile kile, kwenye benchi lile lile, na wa kwanza kuniambia sipo hakuwa hata mtu. Ni mashine. Wameipachika ukutani pale getini, ndogo, nyeusi, ina kijitaa cha kijani na sauti ya msichana aliyelala usingizi wa kutosha. Unaweka kidole, inakusoma, inasema, "Asante, karibu kazini." Iliwaambia hivyo walinzi, wafagizi, wapishi, hata dereva wa lori anayekuja mara mbili kwa wiki. Mimi nilipoweka changu ikasema, "Jaribu tena."

Nikajaribu. "Jaribu tena." Nikaweka cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Nikahamia mkono wa kushoto. Nikamaliza vidole vyote kumi, nayo ikamaliza "jaribu tena" zake kumi, wala sauti haikukwaruza.

Karani wa mahudhurio, yule anayefunga tai hata siku za joto la kukaanga mtu, akanitazama kwa huruma. "Mama, hebu kanawe mikono vizuri."

"Baba, mikono hii naiosha tangu wewe unanyonya. Tatizo si uchafu."

Sasa nieleze, maana kuna watu wanaokula korosho wakidhani inamenywa kama karanga. Loo! Korosho ina ganda gumu, na ndani ya ganda mna mafuta meusi makali yanayokula ngozi. Unaligonga kwa kirungu, linapasuka, unachokoa punje itoke nzima, na kila unapoligusa, nalo linakugusa. Tunajipaka majivu, na majivu yanasaidia kama mwavuli uliotoboka. Glavu? Waliwahi kuleta nene, punje zikavunjika, msimamizi akapiga kelele, zikarudi stoo. Wakaleta nyembamba, saa nne haijafika mafuta yameshazitoboa. Basi ngozi inababuka, inaota nyingine, inababuka tena, mpaka inachoka kujichora mistari. Vidole vyangu siku hizi vinateleza kama mgongo wa kijiko.

"Mashine ikikukosa siku tatu mfululizo," karani akasema, "mfumo unakufuta kazini. Si mimi, mama. Ni mfumo."

"Na huo mfumo uko wapi, nikaongee nao?"

"Haupo mahali, mama."

"Basi tuko wawili tusiokuwepo."

Hakucheka. Watu wa tai hawacheki asubuhi. Akaturuhusu mimi na wenzangu waliokataliwa tuingie tukafanye kazi, akaandika kwamba hatukuja. Ndiyo, sikilizeni vizuri: nilibangua kutwa nzima, ndoo yangu ikajaa, ikapimwa, ikachukuliwa, na mimi mwenyewe sikuwepo. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja namna hiyo, chumba cha kwanza chote. Jirani yangu wa benchi, tunayemwita Chapchap kwa wepesi wa kirungu chake, alijaribu kulamba kidole, kukisugua ukutani, kukipuliza. Hola.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," akaniambia siku ya pili, mashine ilipotukataa tena. "Hapa tuna vidole mia na kumi, na chawa anatucheka."

Nilirudi nyumbani nimefura. Siku mbili zimekwenda, imebaki moja. Mimi ni mtu mzima, mume wangu alishatangulia, na kazi nyingine siijui. Nani atamchukua mwanamke wa umri wangu mwenye mikono hii? Hata kuuza maandazi, mteja akiiona mikono atageuza njia.

Na siku hiyohiyo ndipo binti yangu, kitinda mimba wangu, alipokuja likizo. Anafanya kazi ya ofisi mji wa mbali, tulikuwa hatujaonana mwaka mzima. Nilikuwa nimemchinjia kuku tangu alfajiri, kuku wa kufuga mwenyewe, si wa kununua. Nikaweka bakuli mezani, nikafunua. Mtoto akalitazama bakuli kama mtu aliyeonyeshwa maiti ya jirani.

"Mama, samahani. Siku hizi sili kitu chenye mama."

"Chenye nini?"

"Chochote kilichozaliwa na mama. Nyama, samaki, maziwa."

"Yai?"

"Lina mama."

"Makubwa haya! Sasa mimi mama yako nimpe nani kuku huyu?"

Akacheka, akanikumbatia, akaanza kunisimulia habari za ndama. Kwamba ndama ananyang'anywa mama yake akiwa hajasimama sawasawa ili watu wapate maziwa, na mama yake analia kutwa kucha. Sitasema uongo, iliniingia. Mimi nimezaa, najua. Nikasema moyoni, huyu mtoto nimemlea vizuri, ana huruma. Kisha akafungua begi akatoa pakiti.

"Nimekuletea zawadi. Maziwa ya korosho!"

Nikaipokea. Pakiti nzuri, imechorwa ng'ombe anayecheka meno yote nje, na chini yake maandishi ya mviringo kama muhuri. Miwani sikuwa nayo, nikamwambia anisomee.

"Hakuna kiumbe aliyeumia," akasoma.

Nilihisi hasira inapanda kuanzia kwenye nyayo.

"Soma tena."

"Hakuna kiumbe aliyeumia. Mama, vipi?"

"Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ndivyo tulivyofundishwa. Naona siku hizi mmeugeuza: kwa ndama mchungu, kwa mama yako sawa tu."

"Mama, sijasema hivyo!"

"Hujasema wewe, imesema pakiti." Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, kando ya kuku. "Hizo korosho zilijivua nguo zenyewe? Na moshi wa maganda yanayochomwa nyuma ya kiwanda, unaokohoza watoto wa mtaa wa chini, huo nao haujaumiza kiumbe? Na kesho hii mashine ikinikataa nafukuzwa, kwa sababu hizo korosho zako zimenila vidole mpaka sisomeki!"

Nikamweleza yote: mashine, karani, siku tatu, mfumo usiokuwa na mahali. Alinisikiliza mkono mdomoni. Halafu akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama hajapata kuviona. Na kweli hakuwa ameviona.

"Nilidhani ndivyo ulivyozaliwa," akasema. "Ulipokuwa ukinikuna mgongoni nikiwa mdogo. Nilidhani mikono ya mama ndivyo ilivyo." Akaanza kulia.

Mimi nikilia huwa nafoka, kwa hiyo nilifoka. Nikamwambia aache, kuku atapoa.

Akapangusa machozi, akatoa simu. Simu yake inafunguka kwa kidole. "Labda mashine yao ni mbovu, mama. Tujaribu hapa." Akabonyeza huku na huko, akaniambia niweke kidole gumba. Simu ikatetemeka, ikaandika maneno.

"Inasemaje?"

Hakutaka kunisomea. "Inasema jaribu tena."

"Na wewe pia?" nikaifokea simu. Tukapitia vyote kumi. Uvumilivu ukanitoka. "Haya, tuiwekee na mguu sasa! Maana imebaki miguu tu!"

Nilikuwa nasema kwa hasira, jamani, sikuwa na maana yoyote. Lakini binti yangu alinitazama miguuni. Chumba cha kubangulia kimejaa maganda na mafuta sakafuni, yanaharibu saruji, kwa hiyo kiwanda kinatupa mabuti ya mpira. Miaka ishirini na miwili miguu yangu imefichwa kwenye mpira. Mtoto akapiga magoti, akanivua ndala, akaifuta miguu yangu kwa kanga yake, akaiweka simu kwenye dole gumba la mguu wa kulia. Akaandikisha. Akaifunga simu. Akaigusisha tena.

Ikafunguka.

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha tukaacha kucheka wote wawili kwa pamoja, tukawa tunatazama kuku.

Nikampigia simu Chapchap. "Kesho oga, na miguu uisugue vizuri. Waambie na wenzako."

"Miguu?"

"Miguu. Usiniulize."

Asubuhi ya siku ya tatu tukakuta getini kuna ugeni. Mgeni mwanamke, koti jeupe na faili mkononi, ametumwa na wanunuzi wa nje kukagua kama korosho zetu zinastahili muhuri ule ule wa kwenye pakiti. Na kando yake yupo meneja mwenyewe, ambaye sisi tunamwita Kiyoyozi kwa kuwa hatoki kwenye kiyoyozi chake mpaka aje mgeni.

"Kiwandani mna ng'ombe?" mgeni anauliza, anaweka alama.

"Hakuna."

"Mbuzi? Kuku? Nyuki?"

"Hakuna kabisa," anasema Kiyoyozi, uso unang'aa.

"Mnyama mwingine yeyote?"

"Labda paka wa stoo."

"Anatendewa vizuri?"

"Vizuri sana. Kila siku anapewa maziwa."

Mimi nikaomba kigoda cha mlinzi, nikakiweka chini ya mashine. Nikavua buti. Nikavua na soksi niliyoishona mara tatu. Karani wa tai akawa anatikisa kichwa taratibu, anapepesa macho kuniomba nisimwaibishe.

"Niandikishe," nikamwambia.

"Mama, kwenye mfumo kuna picha ya mikono tu. Sehemu ya mguu haipo."

"Basi andika ni kidole gumba cha mkono. Huo mfumo hauna macho."

Akatazama saa, akatazama faili la mgeni, akabonyeza haraka ili yaishe. Chapchap akanishika kiunoni, mwingine akanishika bega, nikapanda kigoda nikainua mguu wa kulia mpaka ukutani, mtu mzima mimi, mbele ya meneja. Nikabandika dole.

"Asante," ikasema mashine. "Karibu kazini."

Wenzangu wakapiga vigelegele. Na hapo wote kumi wakainama kuvua mabuti.

Mgeni akageuka. "Hawa wanafanya nini?"

"Usafi," Kiyoyozi akadakia. "Hukagua miguu kila asubuhi. Usafi kwetu ni jambo la kwanza."

Ama kweli, kuna watu wanaweza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata wewe umeishika chupa. Sikuvumilia.

"Si usafi," nikasema nikiwa bado mguu mmoja juu. "Mashine haiisomi mikono yetu. Imeliwa na korosho. Njoo uishike."

Akaja. Akaishika. Mkono wake ulikuwa laini na wa baridi, akakaa na wangu muda mrefu, akipitisha kidole chake pale ambapo mistari ingekuwepo. Machozi yakamlengalenga, niliyaona kwa macho yangu. Kisha akafungua faili akaandika, si alama, aliandika maneno, ukurasa mzima na kugeuza. Kiyoyozi jasho lilimtoka asubuhi ile bila jua.

Siku hiyo tulibangua tukiimba. Nilimwambia binti yangu jioni: imekwisha, ameandika, sasa watasikia. Alikaa wiki nzima nami, akala wali na maharage, pakiti yake hakuifungua. Siku ya kuondoka akaniuliza, "Sasa mama, mimi ninywe nini?"

"Kunywa maji."

"Na maziwa ya korosho niache?"

Hapo nikachoka kabisa. "Ukiacha wewe na wenzako mkaacha, mimi nitabangua za nani? Kunywa. Usiache. Lakini hilo neno la kwenye pakiti wafute, au waje wanifute mimi, maana wote wawili hatuwezi kuwa kweli." Nikamsindikiza mpaka kituoni.

Mwezi ukapita. Juzi tukafika getini tukaona mashine haipo ukutani. Mioyo ikatulipuka. Kumbe wameishusha. Wameipachika chini, karibu na sakafu, mbele yake wameweka zulia dogo na kigoda kipya chenye mto. Karani akatusomea barua kutoka kwa wanunuzi: muhuri tumeupata, hongera kwetu wote, na pendekezo la mkaguzi kwamba mashine ikae mahali panapofikiwa kwa urahisi na kila mfanyakazi limetekelezwa mara moja. Kisha akafungua boksi akatugawia kila mmoja pakiti laini, akiita jina kwa jina. Chini ya barua kulikuwa na tangazo la kiwanda: wabanguaji wote watunze vidole vya miguu, ndivyo utambulisho wao.

Jioni binti yangu akapiga simu. Nilisikia ana furaha, ameshaona muhuri kwenye pakiti mpya za huko.

"Mama, niambie! Wameleta glavu?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, mikono yangu inawasha kama kawaida.

"Wameleta soksi," nikamwambia.