Mpya, Kwenye Boksi Lake

Siku kumi kabla ya ndoa ya binti yangu Nermin, orodha ya vyombo vyake ilikuwa imejaza kurasa nne na ilibaki nafasi moja tu. Friji imo. Mashine ya kufulia imo. Mashuka seti ishirini na nne, utadhani anaolewa na hospitali, yamo. Mstari wa thelathini na saba niliandika "kikaangio cha hewa", ile mashine ya umeme inayokaanga bila mafuta, nikaacha nafasi ya jina la kampuni, kwa sababu wanawake wawili walikuwa hawajakubaliana, nami nilikuwa nimechoka nao wote wawili.

Mke wangu Sabah alitaka Hilwana, inayoundwa hapa hapa Misri, maana ikiharibika fundi yuko hapa Tanta, mtaa wa pili. Hajja Inshirah, mama wa bwana harusi, alitaka Nordika ya droo mbili, lita kumi na mbili. Sababu? Mke wa mwanawe mkubwa aliletewa hiyo hiyo, na mtaa mzima ukaiona ikipita juu ya gari.

"Lita kumi na mbili!" Sabah alinifokea mimi, kana kwamba ndimi niliyeitaka. "Wanataka kukaanga nini mle, ngamia?"

"Mwambie yeye."

"Wewe ndiye baba. Mwambie wewe."

Hajja naye alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, nikiwa bado na maandazi mdomoni. "Ustadhi Shawqi, mkwe wangu mpenzi, mimi sina neno. Hata mkileta sufuria bila mfuniko nitapokea. Ila watu watasema." Ujumbe wa dakika saba kutoka kwa mtu asiye na neno!

Wote wawili walikuwa wamesahau mashine ile ni ya nani. Nermin alipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaanga mbilingani, mlango ukabishwa, nikamwambia ageuze zilizo karaini mpaka nirudi. Mafuta yalimrukia mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Tangu siku ile hasimami mbele ya mafuta yanayochemka, na hata wakati wa joto huvaa mikono mirefu. Alipoposwa aliniambia, "Baba, leteni mnachotaka. Mimi naomba kile kikaangio tu." Nikamwahidi kwamba nyumbani kwake hatasimama mbele ya mafuta. Katika ahadi zote nilizowahi kutoa, hiyo ndiyo niliyoogopa kuivunja.

Basi nikaenda madukani mwenyewe. Duka la kwanza muuzaji alinisifia Zentro: ina kioo cha kuchungulia, ina namna kumi na sita za kupika, na chakula kikiiva inaimba.

"Sitaki iniimbie," nikamwambia. "Iwashe dakika kumi."

"Bila chakula, Hajji?"

"Bila chakula."

Dakika kumi zilipotimia nikaweka kiganja kwenye mpini wa droo. Nikaruka. Zentro nikaiaga hapo hapo. Duka la pili nikajaribu Hilwana. Kitufe ni cha kuzungusha, hata kipofu angeiendesha, na bei ni ya binadamu. Mpini ulikuwa vuguvugu. Nikasema labda ni mkono wangu, nikajaribu tena, na ukazidi. Wateja wawili walikuwa wameacha kununua pasi ili wanitazame.

"Huyu mzee ananunua jiko au anapima homa?" mmoja akauliza.

Duka la tatu niliingia huku naomba Mungu Nordika iniunguze. Nilitaka nimrudie Hajja na lengelenge mkononi, nimwonyeshe. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Mpini ulibaki baridi. Nikaivuta droo, nikairudisha, nikaivuta tena. Baridi! Nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja na sikumbuki kuudhika hivyo. Nililazimika kulipa karibu mara mbili ya bei ya Hilwana, na juu yake Hajja Inshirah awe amesema kweli.

Sabah hakunisemesha siku mbili. Hajja alinitumia ujumbe wa dakika tisa.

Siku ya kutia sahihi tulikaa sebuleni kwangu. Bwana harusi, Tamer, ni kijana mwaminifu hadi anachosha. Husoma hata maandishi ya nyuma ya tiketi ya treni. Kwetu bwana harusi hutia sahihi orodha ya kila alichokuja nacho mkewe, na wakiachana hurudisha vyote, hadi kijiko. Nilipofika mstari wa thelathini na saba, Hajja akakohoa.

"Nordika, vizuri. Ila wapo watu huandika Nordika wakaleta iliyokwisha tumiwa na shangazi. Simaanishi nyinyi."

Damu ikanipanda. Nikaichukua kalamu nikaandika kwa herufi kubwa: MPYA, KWENYE BOKSI LAKE, HAIJAFUNGULIWA.

Tamer akasoma mara mbili. "Na ikibidi kurudishwa, Ami, iwe hivi hivi?"

"Hivi hivi!" nikasema kwa hasira. Akatia sahihi.

Boksi likapita mtaani juu ya magodoro, ngoma mbele, Hajja akipiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi. Ndoa ikafungwa. Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Baada ya wiki moja tukaenda kuwatembelea, tumebeba bata na wali. Hajja alikuwa amefika kabla yetu. Nilisikia sauti ya mafuta tangu ngazini. Nikampita Tamer mlangoni bila salamu, moja kwa moja hadi jikoni. Nermin alikuwa anakaanga mbilingani. Alisimama mbali na jiko, mikono ya gauni imevutwa hadi vidoleni, mkono mmoja umeshika uma mrefu, mwingine umeshika mfuniko wa sufuria mbele ya uso. Mfuniko ulikuwa unatetemeka.

Nikazima jiko. "Mashine iko wapi?"

"Sebuleni, Baba," akasema, bila kuniangalia.

Ilikuwa kando ya kabati la vioo, kwenye boksi lake, imefungwa utepe mwekundu.

"Shangazi zake Tamer wa Kafr el-Sheikh hawajaiona bado," Hajja akasema.

Nikamgeukia Tamer. "Mke wako anatetemeka jikoni, wewe unatazama boksi?"

Kijana alikuwa karibu kulia. "Ami, nilitaka kuifungua siku ya kwanza. Lakini orodha niliitia sahihi. Umeandika haijafunguliwa. Nikiifungua, nitakurudishia nini?"

"Unirudishie kwa nini? Unamwacha?"

"Hapana, wallahi!"

"Basi lete kisu!"

Aliyemweka binti yangu mbele ya mafuta mara ya pili ni mimi, tena kwa herufi kubwa. Nilikata utepe, nikapasua boksi hadi chini, nikaibeba mashine mwenyewe hadi jikoni. Nermin akapanga mbilingani zilizobaki. Mashine ilipozima, sote tulisimama mlangoni tukamwangalia. Aliugusa mpini kwa kidole kimoja. Akaugusa tena. Kisha akakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, kovu lote likawa wazi, akaivuta droo.

Hajja alichukua kipande, akatafuna, akakunja uso.

"Hazina mafuta hata kidogo," akalalamika.

"Ndiyo, Hajja," nikamwambia. "Hazina."