Somo Lililofutwa Dunguni

Katika miaka thelathini na minne niliyofundisha shule ya msingi hapa Mbuchi, sikupata kufuta sentensi ubaoni kabla mwanafunzi wa mwisho hajamaliza kuinakili. Wala sikupata kumwomba radhi mtoto, mzazi au mkaguzi. Watu watasema najisifu, na waseme. Nayaeleza haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepanda ngazi ya dungu la Twalha, mwanafunzi wangu wa zamani, asubuhi ile ya mwezi wa Mei.

Nilikuja huku kutoka Songea nikiwa kijana, nikafundisha, nikamzika mke wangu, nikabaki. Mjukuu wangu Blandina anasomea udaktari Dar es Salaam, mwaka wa nne. Yeye na wenzake walikuwa wameletwa wilayani Kibiti kwa mafunzo ya afya ya jamii, naye akaomba apangiwe zahanati ya Mbuchi ili alale nyumbani kwangu. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha magonjwa yanayowasumbua watu wa delta: malaria, kichocho, kuhara, upungufu wa damu, matatizo ya uzazi. Aliyaorodhesha kwa mwandiko ambao nisingeukubali hata darasa la tatu.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka mashambani ametota hadi mapajani, kipima presha kikining'inia shingoni.

"Babu, kuna mtu atakufa leo."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Kuna mtu atakufa leo."

Nilikiweka chini kikombe changu. Akanieleza kwa haraka. Sikudhani, mkwe wa Twalha, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Alikuwa amevimba miguu, mikono na uso. Kichwa kilikuwa kikimwuma kwa siku ya tatu, chembe ya moyo ilimwuma, na mchana mweupe aliona vimulimuli. Presha yake ilikuwa mia na sabini kwa mia na ishirini, na kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha protini nyingi.

"Hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, Babu. Bado hajaanguka. Akiangukia kule dunguni, hatutamwahi."

"Muuguzi yuko wapi?"

"Amefuata chanjo Kibiti. Nimempata kwa simu. Anakuja na gari la wagonjwa mpaka gatini upande wa bara, na dawa ya sindano anayo. Mashaka, mwenye boti, ameshaweka mafuta. Lakini maji yanakupwa. Ikifika saa sita mkondo haupitiki tena mpaka jioni."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro.

"Basi mnangoja nini?"

"Mzee Twalha amekataa. Saadi, mume wa Sikudhani, yuko dago, kambi ya wavuvi, anavua kamba, na huko hakuna mtandao. Mwenye neno ni baba mkwe." Alisita. "Amesema nije nikuulize wewe. Ati wewe ndiye uliyewafundisha kwamba uvimbe ule ni maji ya mpunga."

Nilikumbuka siku, darasa, hata upande wa ubao. Darasa la sita, somo la Sayansi. *Mkulima asimamaye katika maji huvimba mwili. Atulie, akauke, atapona.* Sikuitoa sentensi ile katika kitabu chochote. Kila msimu niliwaona watu wakirudi kutoka mashambani na miguu iliyovimba, wakakaa nyumbani juma moja, ikapungua. Nikaandika nilichokiona, nao wakanakili. Katika darasa langu mwanafunzi hakuuliza.

"Ni uongo?" nilimwuliza.

"Miguu ya mtu anayesimama kutwa huweza kuvimba kidogo. Lakini maji ya shambani hayapandi usoni, Babu. Wala hayaleti protini kwenye mkojo." Alinitazama bila kupepesa. "Ulikosea."

Hakuna mtu aliyewahi kunitamkia neno hilo ndani ya nyumba yangu. Nilivaa koti, nikakunja suruali, nikachukua fimbo. Tukatoka.

Asiyejua mashamba ya huku ajue kwamba mpunga unapotoa masuke, familia nzima huhamia kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya maji, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Watu hukaa huko hadi mavuno. Kliniki ya wajawazito hubaki kijijini, nayo haina miguu ya kuwafuata.

Tulimkuta Twalha ameketi mlangoni na kombeo lake la ndege. Ana miaka hamsini na saba, lakini aliponiona alisimama kama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo umeletwa na daktari?"

"Marahaba. Nimekuja kwa miguu yangu."

Ndani, mkewe Mwanamkuu alikuwa akimkanda Sikudhani miguu kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani. Macho ya binti yule yalikuwa mistari miwili katika uso uliojaa.

"Mwalimu," alisema polepole, "nakuona wawili."

"Mmoja anatosha, binti yangu."

Alijaribu kucheka, akashika kichwa. Nilimgeukia Twalha.

"Mshushe. Boti inangoja."

Hakusogea. Alikaza shingo na kuanza kukariri kwa sauti yangu mwenyewe, pamoja na kikohozi changu cha katikati: "*Mkulima asimamaye katika maji huvimba mwili, atulie, akauke, atapona.* Mwalimu, nilichapwa viboko vinne kwa kusahau neno *akauke*. Nimelishika miaka arobaini na ushei. Leo unataka nilisahau kwa nusu saa?"

"Nataka."

"Na Saadi akirudi, akamkuta mkewe amepasuliwa huko Kibiti, nimwambie nini? Kwamba binti wa chuo alimfunga kitambaa mkononi, akakipuliza?"

"Mwambie ulimtoa ili amkute hai," alisema Blandina. Sauti ilimtetemeka, lakini sentensi aliimaliza.

"Huyu ana ulimi," Twalha alisema.

"Wa bibi yake," nilimjibu. "Usibadilishe mazungumzo."

Akaonyesha mashamba kwa kombeo. Madungu kumi na mawili yalikuwa yamesimama mbele yetu, kila moja na watu wake.

"Mwalimu, mimi si mjinga. Tangu jana naogopa. Lakini wote hawa wamesoma kwako. Nikimshusha huyu na mtoto akafia njiani, watasema Twalha alimdharau mwalimu wake kwa maneno ya mwanafunzi, ndiyo maana. Somo ni lako. Lifute wewe, nao wasikie."

Ningeweza kulifuta kimya kimya, sikioni mwake, tukaondoka. Nakiri kwamba nililifikiria. Lakini alikuwa na haki. Nililiandika mbele ya darasa zima.

Kule mashambani habari hupita kwa kelele. Anayeona kundi la ndege au nguruwe hupaza sauti, wa dungu la pili akaipokea, wa tatu akaisukuma mbele mpaka ukingo wa mikoko. Nilisimama kwenye ukingo wa dungu, mkono mmoja kwenye nguzo, nikatoa sauti niliyokuwa nikiitumia kupanga mistari.

"Wanafunzi wangu! Ni miye, Mwalimu Nicolaus! Niliwafundisha kwamba anayevimba shambani amevimba kwa maji. Nilikosea! Mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikamwuma, macho yakaona vimulimuli, huo ni ugonjwa wa mimba, nao unaua! Apelekwe hospitali! Pitisheni!"

Kisha kutoka dungu la pili ikaja sauti ya Abdulrazaq, mtu ambaye nilimrudisha darasa mara mbili, na furaha yake ilisikika hadi mbinguni.

"Mwalimu amekoseaaa!"

"Mwalimu amekosea!" likapokea la tatu, na vicheko ndani yake.

Nililisikia kosa langu likiruka kutoka dungu hadi dungu kama ndege waliofukuzwa. Uso uliniwaka. Niligonga nguzo kwa fimbo.

"Pitisha yote, Abdulrazaq! Nani amekuruhusu kukata sentensi?"

"Samahani, Mwalimu!" Naye akaipitisha yote, neno kwa neno, na madungu mengine yakaipokea vilevile. Mikono yao ya kunakili ilikuwa bado mizuri.

Twalha alikuwa ameshainama kumbeba mkwe wake mgongoni wakati sauti iliporudi kutoka ukingo wa mikoko, ikipita kinywa hadi kinywa.

"Tabu anauliza! Yeye kavimba tangu juzi, na kichwa kinamwuma! Afanyeje?"

Blandina alinishika mkono. Hatukuwa na habari za Tabu kabisa. Hakuwa kwenye daftari la kliniki wala kwenye orodha ya mjukuu wangu.

"Mwambieni aje botini sasa hivi!" nilipaza sauti. "Asingoje kubadilisha kanga!"

Tuliondoka pamoja na Twalha na Mwanamkuu saa tano na robo, wanawake wawili wajawazito wakiwa wamelala juu ya magunia, boti ikikwaruza matope mara tatu kabla ya kufika kwenye maji. Katikati ya mkondo Sikudhani alikaza mwili. Meno yaligongana, mikono ikaanza kurukaruka. Mwanamkuu alichomoa kijiko kwenye kikapu.

"Usimtie kitu kinywani, mama!" Blandina alipiga kelele. "Nisaidie kumlaza ubavu wa kushoto. Mwacheni atetemeke, msimkandamize. Babu, hesabu!"

Nilihesabu kwa sauti. Nilifika sekunde sabini na nne. Twalha alikuwa amefumba macho, akisoma dua. Pale mwili ulipolegea na pumzi ikarudi kwa mkoromo, nilimwona mjukuu wangu akijifuta uso kwa bega lake, akaendelea kushika taya la mgonjwa ili njia ya hewa isizibe.

Muuguzi alikuwa gatini kama alivyoahidi, akampa Sikudhani sindano ya magnesiamu kabla hatujamwingiza ndani ya gari. Alasiri hiyo Sikudhani alipasuliwa hospitalini Kibiti. Mtoto ni wa kike, kilo moja na gramu mia tisa. Mama alipata fahamu kesho yake, na swali lake la kwanza lilikuwa nani anafukuza ndege. Tabu alilazwa, presha yake ikashushwa kwa dawa, na mimba yake ingalipo.

Siku ya nne Saadi alirudi kutoka dago. Alikuja moja kwa moja barazani kwangu, matope yakiwa hayajakauka miguuni.

"Mwalimu, nani alitoa ruhusa mke wangu avushwe?"

"Baba yako alimbeba. Mimi nilimwamuru. Ukitaka kugomba, anza na mimi, nina nafasi mpaka saa kumi."

Akauliza gari la Kibiti linaondoka saa ngapi.

Kesho yake mimi na Blandina tulianza kupita dungu hadi dungu. Yeye alipima, mimi niliandika majina, kwa mwandiko unaosomeka. Watoto walitupokea kwa wimbo walioutunga, wenye maneno mawili tu: Mwalimu kakosea, Mwalimu kakosea. Sikuwakataza. Walikuwa wakiuimba kwa sauti moja, na wanawake waliusikia wakajua tunakuja.

Kwenye dungu lake Abdulrazaq alisimama juu ya ngazi, mikono kiunoni, mkewe nyuma yake na tumbo la miezi sita.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Ulitufundisha la kwanza, likawa kosa. Na hili je? Likija kuwa kosa?"

"Nitapanda hapa hapa, nishike nguzo hii hii, nitangaze kwa sauti kubwa kuliko ya siku ile," nilimwambia. "Na wewe utaipitisha yote. Sasa sogea, mkeo atoe mkono."

Alisogea.