Hereni na Ramani ya Darasa la Saba

Leo Jumamosi asubuhi nilikuwa nashona hereni kwa karatasi ngumu. Kila jozi na kipande chake, uzi unapita mara mbili, unafungwa nyuma, ili zisicheze ndani ya bahasha. Anti Goretti anazitengeneza kwa shanga, anaweka picha Facebook, na watu wetu waliobaki Kampala wananunua. Kazi ya kufunga ni yangu.

Pale ofisi ya basi la Kampala karani ana ubao wenye mwanya wa kupimia bahasha. Bahasha ikipita kwa mwanya, ni barua, unalipa kidogo. Ikikwama, ni mzigo, na bei ya mzigo inakula faida yote. Ukifunga kwa sponji, inakwama. Karatasi ngumu moja inapita. Lakini tangu vita irudi mwezi wa saba, nusu ya maduka ya Munuki, mtaa wetu hapa Juba, yamefungwa, maboksi ya biskuti ya kukata hakuna. Nikakumbuka ramani yangu ya jiografia, niliyochora kwa manila. Mwalimu alishasahihisha. Nikaikata vipande tisa.

"Leo umepata karatasi kali," Anti akasema, anajaribu kukunja bahasha. "Umetoa wapi?"

Nikacheka tu.

"Huyu mtoto! Ulimi wako uliuacha Uganda, kule Koboko?"

Akapanda boda ya jirani yetu Ezbon, bahasha tisa ndani ya mkoba.

Saa saba Ezbon akarudi peke yake. Hakuzima pikipiki.

"Anti yako walishusha kwa kizuizi, karibu na daraja. Askari nafungua barua moja moja. Hereni yote iko chini kwa vumbi. Ile karatasi wanapanga kama karata, wanauliza nani nachora."

Mwalimu alituambia tuchore Juba na mahali muhimu. Nilichora daraja, uwanja wa ndege, kambi ya jeshi. Kambi niliiwekea nyota nyekundu, kwa sababu mwalimu anapenda rangi.

Nikakimbia ndani. Chini ya kitanda kulikuwa na kona niliyoitupa kwa udogo wake: jina langu, darasa la saba, nane kwa kumi, sahihi ya mwalimu. Nikampelekea Ezbon.

"Kaka, tafadhali. Wapelekee hii."

"Mimi? Ya bint, wamesema wakiona mimi tena, pikipiki iko yao. Malesh, samahani." Akaiangalia ile kona. "Nane kwa kumi. Ulikosea nini?"

"Nilisahau kuonyesha kaskazini."

Akanirudishia kona. Akaondoka.

Nikapiga simu ya Anti. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na nikasikia mtu anapumua.

"Munu?" Sauti ya mwanaume. Anauliza ni nani.

Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo: mimi Teresina, ni kazi ya shule, Anti hajui kitu. Hakuna hata moja lililotoka.

Akakata. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Giza liliingia, hakuna mtu barabarani, na Anti hajarudi. Niliandika ujumbe, nikafuta. Wa kwanza ulisema, "Anti, waambie ni yangu." Halafu nikafikiri, simu anayo nani? Kwa hiyo nikawaandikia Anti na huyo aliyeishika, wote wawili:

"Anti, hii ni kona ya ramani yangu ya shule. Jina langu liko hapo na sahihi ya mwalimu. Niliikata mimi, ili bahasha zipite kwa mwanya. Wewe hukujua. Mimi niko nyumbani Munuki, waje waniulize mimi. Teresina."

Nikapiga picha ile kona, nikatuma vyote saa tatu na dakika kumi.

Zikatokea alama mbili, ujumbe umefika. Baadaye kidogo zikawa bluu, maana yake kuna mtu amesoma.

Sasa ni saa sita usiku. Naandika hapa huku simu iko kwa goti, na kioo nakigusa kila mara kisizime. Hakuna jibu.