Rambirambi za Jumamosi

Sylvanus Muhanji ni mwana wa Shivachi, na Shivachi alikuwa mwana wa Likhanga. Likhanga aliamua kesi za mipaka ya mashamba kwa miaka ishirini na hakupokea hata kuku kutoka kwa mdai yeyote. Shivachi alipiga kengele ya kanisa huko Mukumu, na watu walirekebisha saa zao kwa kengele hiyo. Sylvanus mwenyewe alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na tangu mwaka 1987 ameshika hazina ya maziko ya ukoo bila senti kupotea.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, sebuleni kwake Amalemba, alivaa miwani, akafunga kifungo cha juu cha shati, akamruhusu mjukuu wake Jairus aanze majaribio. Jairus alikuwa amemsihi miezi miwili kwamba michango ya jamaa walio ng'ambo ipitie pochi ya bitcoin iliyo ndani ya simu, kwa kuwa mawakala wa fedha waliumega kila mchango kabla haujafika. Sylvanus alikubali kwa sharti moja: namba ya siri ya kufungulia pochi aijue yeye peke yake.

Kwenye kochi alikaa Dinah, mama yake Jairus na mjane wa mwana wa kwanza wa Sylvanus, akichambua kunde za kumpelekea binti yake Awinja hospitalini. Upasuaji wa Awinja ulipangwa Ijumaa, mradi malipo ya kwanza yapatikane. Ng'ombe wa Sylvanus walikuwa wameshauzwa, na nusu ya malipo ilikuwa bado. Ombi la msaada lilikuwa limekaa wiki tatu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Lilijibiwa kwa picha thelathini na moja za mikono iliyokunjwa kwa maombi.

Patroba, mwana wa pili wa Sylvanus anayefanya kazi Doha, alipigiwa kwa simu ya Dinah, akaombwa atume bei ya soda. Simu yenye pochi ikalia.

"Imeingia, Kuka," Jairus akamwambia babu yake.

"Ngojeni basi," sauti ya Patroba ikasema kwenye spika. "Sijabonyeza."

Akabonyeza. Hakuna kingine kilichoingia. Malipo ya jaribio la pili yalifika kabla Jairus hajamaliza kumwambia Patroba atume.

"Makato ni kiasi gani?" Sylvanus aliuliza.

"Hayafiki shilingi."

"Vizuri."

Ndipo simu ikalia mfululizo, kama kuku aliyetaga. Malipo yaliingia kutoka Doha, Minnesota, Nairobi na kwaya ya wanawake. Kila moja lilikuja na ujumbe: Rambirambi, Awinja. Poleni kwa kuondokewa na Awinja. Alikuwa nuru yetu. Tarehe ya kutumwa kwenye kila risiti ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo, iliyokuwa bado kufika.

Dinah aliweka sufuria ya kunde chini.

"Patroba," Sylvanus akasema, "yako pia imo."

"Basi nitakuwa nimetuma Jumamosi. Mtu akifa, Baba, huwezi kukaa tu kama jiwe."

"Hajafa. Itume leo, kwa hospitali."

"Leo? Leo siko vizuri, Baba. Mwezi umenibana mpaka shingoni. Hiyo Jumamosi sijui nitaitoa wapi, lakini inaonekana nitapata."

Fedha zilizoingia zilitosha upasuaji, na zingebaki za kununua fahali. Jairus alimsogezea babu yake simu ili aweke namba ya siri.

"Kuka, weka tu. Tumalize."

Sylvanus alichukua daftari la katiba ya hazina, akasoma kanuni ya nne kwa sauti aliyokuwa akisomea darasa. Fedha za maziko ni za kaburi. Aliye hai asizitamani. Aliiandika mwenyewe, mwaka ambao binamu yake alikunywa pesa za jeneza na marehemu akazikwa ndani ya blanketi.

"Baba," Dinah akasema, "hizo pesa zina jina la mtoto wangu."

"Zina jina lake akiwa amekufa."

Akaamuru zirudishwe kwa wenyewe, nao waombwe upya kwa ajili ya matibabu. Aliweka namba ya siri, Jairus akabonyeza. Zilikuwa zimesharejea kabla hazijaondoka, na ujumbe ukiwa uleule. Walijaribu tena Jumatano, wakajaribu Alhamisi mara mbili. Makato hayakufika shilingi. Ijumaa asubuhi Dinah alipiga magoti mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Sylvanus alitazama dirishani mpaka Dinah aliposimama.

Awinja alifariki Jumamosi, saa nne na robo. Patroba alibonyeza saa tano na dakika kumi na mbili, kama risiti ilivyosema, na wengine wakafuata kwa zamu zao. Alizikwa kwa heshima. Palikuwa na mahema manne, fahali wawili, jeneza lenye kidirisha cha kioo, na fulana zenye picha yake akicheka.

Siku ya kunyoa nywele, ukoo ulipokutana kumaliza mambo ya marehemu, wote walisifu pochi na kuipitisha. Kisha Sylvanus alisimama, akapendekeza kanuni ya nne ifutwe. Hakuna mkono ulioinuliwa. Mzee mmoja alisema kanuni hiyo ndiyo iliyowapa mazishi mazuri hivi.

Simu ikalia. Jairus aliitazama, akaifunika kwa kiganja.

"Soma," Sylvanus akasema.

"Rambirambi, Mzee Sylvanus. Imetumwa tarehe sita Desemba." Ikalia tena, na tena.

"Makato?"

"Hayafiki shilingi, Kuka."

"Vizuri."

Alifunga kifungo cha juu cha shati. Wajukuu wake walikuwa wameketi kwenye nyasi, vichwa vimeinama, vidole vikitembea juu ya vioo.

"Enyi vijana," akasema, "wekeni simu chini mnisikilize. Bado nipo hapa."