Hamira ya Zakia

Zakia alikuwa na mwaka na nusu, na mafua yake yalikaribia umri huohuo. Haya yanaondoka, yale yanaingia. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la jioni pale Kikole aliposema hamira ina vitu vinavyoweza kuamsha kinga ya mwili, Nasma, mama yake Zakia, hakusikia tena lililofuata. Hamira kwao haikosi; yeye na mama mkwe wake, Bi Kazija, hupika vitumbua vya kuuza kila siku.

Asubuhi akachota kijiko, akakikoroga kwenye maziwa ya uvuguvugu yenye sukari, akafunika, akangoja povu. Hamira isiyopanda imekufa, kila mpika vitumbua anajua, na iliyokufa itaamsha kinga ya nani? Povu lilipofika ukingoni akamnywesha mwanawe, akimbusu kila funda.

Kufika saa nne, tumbo la Zakia limewambika kama ngoma, mtoto analia na miguu ameikunja. Bi Kazija akampakata, akauliza amekula nini. Nasma akasema uji tu. Bi Kazija ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto kila jioni, Nasma akienda darasani. Akijua kwamba mambo ya darasani ndiyo yaliyomwingia mjukuu wake tumboni, nani tena angembakia? Darasa lingekuwa limekwisha.

Wakamkimbiza zahanati. Nesi Consolata naye akauliza swali lilelile. Nasma akamtazama mwanawe anavyojinyonganyonga, akaona darasa na liende.

"Nimempa hamira," alisema. "Niliiumua kwanza, ndipo nikampa."

Nesi akalibonyeza tumbo polepole, akasema ni gesi tu, itatoka. Hamira hai imekuta sukari na joto, imefanya kazi yake. Ile wanayoichunguza wataalamu, akaeleza, mara nyingi huwa imeshauawa na kukaushwa, wanapewa zaidi watu wazima, na hata hao wataalamu bado wanaulizana.

Bi Kazija akamgeukia Nasma.

"Yaani mama Zakia," akasema, "umemuumua mjukuu wangu kama kitumbua?"

Mabega yakaanza kumtikisika. Zakia, aliyelazwa kifudifudi mapajani mwake, akaachia ushuzi mrefu usiolingana na umri wake, na bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Njiani Nasma hakucheka. Aliomba radhi kwa ule uongo wa uji, akasema darasa ataliacha, abaki na mwanawe. Bi Kazija akamweka vizuri mtoto aliyelala begani kwake.

"Uache, halafu nani atatuambia ulipokosea? Jioni nenda, mwanangu. Kamwulize huyo mwalimu, hiyo iliyokufa, ya watoto ipo? Ila dawa yoyote ya darasani, kuanzia leo, wa kwanza kuinywa ni mimi."