Sekunde ya Elfu Thelathini na Tatu

Saa kumi na mbili jioni Madinah alirudi bandani akakuta vifaranga vyote vya samaki aina ya ngege viko juu ya maji, midomo wazi, vinagombania hewa. Pampu ya hewa ilikuwa kimya. Aliangalia taa: inawaka. Umeme upo. Sasa nini?

Samaki elfu mbili wale hawakuwa wake. Walikuwa wa Papa Kasereka, Mkongo aliyevuka mpaka mikono mitupu na kuanza maisha upya hapa Arua kwa tangi hilo moja. Miezi minne mzee wa watu alikuwa akiyapiga maji kwa beseni ili samaki wapate hewa, hata kanisani haendi. Ni Madinah, msichana wa Koboko mwenye diploma mbichi ya kompyuta, aliyemtengenezea mashine ya kuwasha pampu kila baada ya dakika kumi.

“Nenda kanisani Ediofe, Papa,” alimwambia saa mbili asubuhi walipoiwasha. “Leo kipaimara ya mjukuu wako Christelle. Mashine italinda.” Mzee akaenda, suti na kila kitu. Naye Madinah, saa kumi na moja, pampu ikinguruma vizuri, akatoka kwenda kula. Kwa raha zake!

Sasa alipiga maji kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akafungua programu yake ya lugha ya C kwenye kompyuta iliyounganishwa na mashine. Mistari arobaini tu. Namba ya kudumu, sekunde 600: sawa. Kigeu cha zamu, kinachoshika sekunde ya kuwasha pampu tena: 33000. Sawa. Kigeu cha sekunde, kinachohesabu muda tangu mashine iwashwe: -29536.

Muda gani huo ulio chini ya sifuri?

Alirudi juu kwenye mistari ya mwanzo. Zamu aliiandika long, aina inayobeba namba kubwa. Sekunde, kwa ubahili wa nafasi ya kumbukumbu, aliiandika int, na int ya mashine ndogo ile inaishia 32767. Ukiongeza moja, inaanguka hadi hasi 32768 na kuanza kupanda upya. Pampu ilikuwa inasubiri 33000, namba ambayo sekunde zake zisingeifikia hata zikihesabu mwaka mzima.

Na aliijaribu! Miezi mitatu kwa mama yake Koboko, bila kosa hata moja. Lakini mtaani kwao umeme haukuwahi kukaa saa tisa mfululizo. Kila ulipokatika, hesabu ilirudi sifuri. Mtaa mzima ulilaani giza, naye akilaani nao, kumbe giza ndilo lililokuwa likimfichia ujinga wake.

Alichomoa waya akauchomeka tena. Pampu ikanguruma, povu likapanda, na katikati ya povu samaki wakaanza kugeuka matumbo juu. Mmoja, kumi, kisha hakuweza tena kuhesabu.

“Pumueni,” aliwaomba huku akilia. “Jamani, nawaomba, pumueni.”

Kasereka aliingia na kipande cha keki kwenye karatasi. Alitazama tangini. Akaweka keki chini taratibu.

“Umeme ilikatika?” aliuliza kwa upole. “Hii umeme ya huku iko mubaya sana. Ilikatika, eh, mtoto yangu?”

Jibu alikuwa amewekewa mdomoni. Ndiyo moja tu, na hakuna mtu Arua nzima ambaye angeitilia shaka. Madinah aliitamani ile ndiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

“Hapana, Papa. Umeme iko. Ni mimi. Niliandika vibaya.”



“Ungesema umeme,” alisema mzee, “ningekuambia pole.”

Akavua koti, akalitundika msumarini, akachukua beseni na kuanza kuyapiga maji, ingawa pampu ilikuwa inafanya kazi. Hakumtazama tena. Madinah alibaki amesimama, hajui aondoke au aanze kuwatoa waliokufa.